Riwaya ya Sheikh Uways wa Barawa, anasimulia mtumwa wa kubuni: karama nizifanyeje?

mkaazi_vikokotoni

Assalaam alaykum wana baraza, poleni na jua. Mie naandika riwaya, siuzi kitu wala si tangazo, nataka mawazo tu maana nimefika pahala nimekwama, na humu najua wapo watu wa historia, wapo watu wa dini na wabishi nao hawakosekani.

Riwaya inamhusu Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, kule pwani ya Somalia, yule ambaye tarika ya Qadiriyya ilienea kwa mkono wake hapa Unguja na ikavuka mpaka Mrima. Kwa wasiomjua, kwa ufupi: kazaliwa Barawa 1847, kenda Baghdad kachukua ijaza (ruhusa ya kufundisha tarika) kwa masharifu wa kizazi cha Sheikh Abdulqadir Jilani mwenyewe, karudi kwao, zama za Sayyid Barghash kaja Unguja na watu wakamfuata kweli kweli, mwisho kauliwa kule Biyoley 1909 na watu wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, yule ambae Waingereza walikuwa wakimwita mullah mwendawazimu.

Sasa manaqib zake, yaani maandiko ya sifa na maisha yake, zipo na zinasomwa, sitaki kuandika manaqib nyengine. Nataka riwaya, mtu akae aisome kama anavyosoma riwaya. Kwa hiyo nimebuni mtu, jina lake Farjalla, kijana wa miaka kumi na tano hivi, mtumwa wa nyumba moja ya Malindi. Bwana wake anamtoa akamtumikie Sheikh siku zile yupo mjini, achukue makubadhi yake msikitini, abebe dele la kahawa, atume atumike, baadae anafuatana nae mpaka Barawa, na ndo yeye anayetusimulia kila kitu akiwa mzee. Nimeanza 1884. Beit al Ajaib bado mpya inang'aa, maji ya bomba ya Barghash yashafika mjini, soko la watumwa Mkunazini lishafungwa tangu 1873 na kanisa lishasimama juu yake, lakini utumwa wenyewe majumbani na mashambani bado upo, na utakuwepo kisheria mpaka 1897.

Nakupeni kipande kidogo mpate ladha:

*"Sheikh akavua makubadhi mlangoni, nikayaokota. La kushoto kamba yake ilikuwa imekatika, mtu kaiunga kwa usumba, fundo bovu, fundo la mtu asiyejua kufunga. Nikasema moyoni, huyu ndiye wanayesema akiomba mvua inasita? Nikalifungua lile fundo nikalifunga upya, wao wanasali."*

Nilipokwama ni hapa. Karama, yaani yale maajabu ya mawalii. Watu wa tarika wananambia ziandike kama zilivyo, rafiki zangu wa skuli wananambia uziweke kimafumbo mafumbo msomaji wa kisasa asicheke. Na jengine, Sheikh azungumze kiasi gani? Maana kila nikimtia neno mdomoni mkono unasita, huyu mtu kweli kaishi. Naomba msaada wenu.

maalim_mchangani

Waalaykum salaam warahmatullah. Kwanza hongera kijana, wenzio wa umri wako Sheikh Uways wanamjua kwa jina la kwenye kasida basi. Lakini ntasema lililo moyoni usinichukie.

Kumzulia mtu maneno ni jambo zito, na huyu si Abunuwasi wa hadithi za kuchekesha watoto, huyu mpaka leo watu wanamsomea fatiha na uradi wake wanauvuta. Kesho kijana kasoma kitabu chako anapanda mimbari, "Sheikh Uways kasema", kumbe umesema wewe hapo Vikokotoni na kompyuta yako. Kwa hiyo ushauri wangu asizungumzishwe sana. Kasida zake zipo, za Kiarabu na za Kisomali, akitaka kusema mwachie aseme humo. Kwengine mwache atende. Umeshafanya vizuri na kubadhi, lile fundo limenambia zaidi kuliko ungemfanya Sheikh atoe hotuba kuhusu zuhdi.

Ama karama. Kauli yetu karama za mawalii ni haki, usije ukaniletea msimulizi wa kisasa anayecheka pembeni, huyo Farjalla wa 1884 atamtoa wapi? Lakini vile vile si kila linalosimuliwa limethibiti, na wanavyuoni wetu walilijua hilo kabla hao marafiki zako wa skuli hawajazaliwa. Dawa yake ipo zamani, isnadi. Farjalla kila akitaja karama aseme kaipata kwa nani. Hii nimeiona kwa macho yangu. Hii kanambia mpishi wa nyumba ya pili. Hii mpishi kaambiwa na baharia wa Barawa na huyo baharia siku hiyo hakuwepo, alikuwa Marka anapakia ngozi. Umemaliza. Hukukanusha wala hukuthibitisha, msomaji anapima mwenyewe kama anavyopima mtu yeyote mwenye akili akisikia habari.

Na Farjalla mwenyewe mpe udhaifu. Katika fani ile kuna rawi mkweli kabisa lakini hifdhi yake mbovu, kuna mwenye hifdhi nzuri lakini anampenda mno anayemsimulia. Huyo wa pili ndo Farjalla wako nadhani.

fundi_saa_darajani

maalim hilo la isnadi nimelipenda wallahi, nataka kulitumia hata kwa habari za mtaani kwetu 😂

ila hilo la kumnyamazisha Sheikh napinga, riwaya kurasa mia tatu mhusika mkuu bubu? mtu atanunua kitabu aje amkute Sheikh anatikisa kichwa tu

halafu weye mkaazi wa Vikokotoni mie nakuona unaulizia karama lakini shida yako haiko huko. shida yako ni Farjalla. anabeba makubadhi, anabeba dele, anatazama, anakumbuka. yeye anataka nini? hana shida yake? ukimtoa Sheikh kwenye hadithi Farjalla anabaki na nini, anabaki na dele. mtu wa miaka kumi na tano ana njaa, ana msichana kamuona kisimani, ana mama kauzwa yuko wapi hajui, na ni mtumwa bwana, kila siku anaamka mali ya mtu. kama Sheikh anahubiri watu wote sawa mbele ya Mungu na jioni Farjalla anarudi kulala uwani kwa bwana wake, hapo ndo pana hadithi na wewe umeipita unaenda kuulizia mvua

na usiogope watu watasema mtumwa muridi (mfuasi wa sheikh) umebuni sana. Bagamoyo pale Sheikh Ramiya, Yahya bin Abdallah, katoka Kongo mtoto mdogo, kauzwa, kawa mtumwa wa liwali, na huyo huyo kaja kuwa sheikh mkubwa wa Qadiriyya pwani yote ile, kafa 1931 na zawiya yake ipo mpaka kesho. tarika ile iliwavuta watu wa chini, watumwa na waliotoka utumwani, waliokuwa wakikaa safu za nyuma kwa masharifu. Farjalla wako anajua hilo kwa mwili wake, yule bwana wake wa Malindi hajui

Bi_Tumu_Wete

Mwanangu wa Vikokotoni, nimesoma yote na hawa wenzangu wamesema vizuri, lakini mie nna jambo la bahari nalo lisipotengenezwa kitabu kitazama. Kwetu Pemba sisi ukimwambia mzee habari ya chombo atakuuliza kwanza mwezi gani.

Umesema Farjalla anafuatana na Sheikh kurudi Barawa. Mwezi gani? Maana kaskazini mtu anakwenda na upepo wa kusi. Wakitoka mwanzo wa kusi, mwezi wa nne wa tano, wanafika. Au wangoje mwisho wake, wa nane wa tisa. Lakini usije ukamtia Sheikh chomboni mwezi wa saba, bahari ya Benadir, pwani hiyo ya Barawa, wakati ule haiingiliki, Barawa penyewe bandari yake ni mwamba tu na mawimbi, vyombo vinapandishwa pwani vinalala. Msomaji wa Unguja hatojua, msomaji wa Pemba atakifunga kitabu hapo hapo.

Haya hilo dogo. Kubwa ni hili. Farjalla mtumwa anasafiri vipi?

Mkataba ule wa Barghash wa 1873 watu wanaukumbuka kwa kufunga soko, lakini jambo lake la pili lilikuwa kusafirisha watumwa kwa bahari, nalo likapigwa marufuku. Farjalla akikaa Malindi anamchotea bwana wake maji, hakuna Mwingereza atakayemuuliza. Akitia mguu chomboni yeye ndie anaekiponza chombo kizima. Walikuwepo mabaharia watumwa na watumishi wanaofuatana na mabwana zao na wengi waliachiwa wakapita, wengine chombo kikakamatwa kikavutwa mjini kikahukumiwa, ilikuwa inategemea siku ile kapanda nani na mkalimani kasema nini.

Na hao wapandaji walikuwa huku kwetu. Manowari kongwe ya Waingereza, London, ilikaa imetia nanga bandarini Unguja kuanzia 1874 mpaka huo mwaka wako wa 1884, yenyewe haitembei, ilikuwa ndo kambi, wanaotembea ni maboti yake, yanalala kwenye hivi visiwa vyetu vidogo na midomo ya mikono ya bahari yanavizia. Kwanini Pemba? Kwa sababu kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na ya huku ikasalimika kwa wingi, bei ikapanda, mashamba yakataka watu, watu wakavushwa usiku kutoka Mrima. 1881 kapteni wa hiyo London, Brownrigg, kauliwa huku huku Pemba. Kaliendea jahazi lina bendera ya Kifaransa, kaenda kutazama hati tu maana bendera ile hawakuwa na ruhusa ya kulipekua, kumbe ndani limejaa watumwa, wakamfyatulia. Hiyo ni miaka mitatu tu nyuma ya hadithi yako, kwa hiyo mzungu atakayekishika chombo cha Sheikh hana utani.

Sasa fikiria mwanangu. Chombo cha Sheikh kinapita Pemba, alfajiri, boti linakuja ubavuni. Mkalimani anaanza kuuliza mmoja mmoja, anafika kwa Farjalla. *Na wewe wa nani?*

Akisema kweli, mie mtumwa wa fulani wa Malindi, anashushwa, anapelekwa mjini kwa balozi, anapewa karatasi yake ya uhuru. Lakini mtoto alieachwa huru na manowari hakuwa akiambiwa haya nenda zako. Walikuwa wanagaiwa misheni. Wa kike Mbweni, wa kiume Kiungani, wengine kwa Wafaransa Bagamoyo. Kwa hiyo neno moja, tena la kweli, linampa uhuru alioulilia maisha yake yote na papo hapo linamtoa kwa Sheikh wake na linamuamsha kesho kwa kengele ya kanisa. Akisema mie mtu huru, muridi wa Sheikh, kasema uongo, Sheikh yuko pale pale anasikia, na atabaki mtumwa.

Hapo hutaki karama yoyote. Hapo unataka kujua tu Sheikh kafanya nini.

fundi_saa_darajani

bi mkubwa shikamoo. mie sina la kusema, hiyo ndo riwaya yenyewe, vyengine vyote vinazunguka hapo

josefu_wa_minara

Habari za jioni ndugu zangu, Bi Tumu shikamoo. Mimi Mkatoliki wa hapa hapa Unguja, nasali Minara Miwili, natumai naruhusiwa kuchangia mana huyu si mtakatifu wetu ila suala la mwandani wa mtakatifu kwetu lina historia ndefu na ina vituko.

Mfano Mtakatifu Fransisko wa Assisi. 1219 wakati wa vita vya msalaba alivuka mpaka Misri, Damietta, akavuka mistari ya jeshi akaenda kuonana na Sultani al-Kamil, mpwa wa Salahuddin, hakuwa na silaha, alikuwa na mwenzake mmoja tu, ndugu Illuminato. Sultani akampokea akamsikiliza akamrudisha salama. Sasa walizungumza nini mule hemani? Hakuna aliyeandika pale pale. Kila aliyekuja kuandika baadae kamtia maneno yake, mmoja kamfanya Fransisko anataka kuingia motoni kushindana na maulamaa, mwengine vengine. Kwa hiyo Maalim hofu yako ya watu kupanda mimbari na maneno ya kubuni mimi naielewa kabisa, sisi tumeshapita huko.

Na kuna jambo jengine. Fransisko kafa 1226, 1228 Papa kamtangaza mtakatifu, na maisha yake yakaanza kuandikwa mara moja, na waandani wake waliokula nae na kulala nae chini nao wakatoa kumbukumbu zao. Zikawa nyingi, hazilingani, nyengine zinawauma wakubwa wa shirika mana zinaonesha umasikini aliotaka yeye na umasikini waliokuwa wanaishi wao si mmoja. Mwaka 1266 mkutano mkuu wa shirika ukaamua yabaki maisha yaliyoandikwa na Bonaventura, yale ya zamani yote yaondolewe yaharibiwe. Tunayo leo kwa sababu nakala nyengine zilibaki zimefichika huku na huku zikaja kuonekana karne nyingi baadae.

Nikafikiria Farjalla. Yeye anasimulia akiwa mzee, sawa, anamsimulia nani? Na kwanini sasa? Kama manaqib zishaandikwa na hakutajwa, au katajwa "na mtumishi wake" bila jina, basi mzee huyo ana sababu ya kufungua mdomo. Hapo hata sauti yake itakuja yenyewe, ya mtu aliyeachwa nje ya kitabu.

Na ndugu Leo, mwandani mwengine wa Fransisko, alipewa na Fransisko kipande cha ngozi kimeandikwa baraka kwa mkono wake mwenyewe, Leo akakikunja akatembea nacho mwilini mpaka alipokufa, kipo Assisi mpaka leo na mikunjo yake inaonekana. Farjalla nae mpe kitu cha kukaa nacho. Ile kamba ya kubadhi pengine.

maalim_mchangani

Bwana Josefu karibu sana, baraza ni la wote na hilo la 1266 sikulijua, nimefaidika.

Nimelala na suala la Bi Tumu, nikaamka nalo. Kwanza tuweke wazi, Sheikh hawezi kusema uongo kwenye kitabu hiki, hilo halina mjadala. Pili hawezi kumtoa kijana kwa mkono wake akapelekwa Kiungani. Lakini fiqhi ina mlango unaitwa tauria, mtu anasema neno la kweli lenye maana mbili na msikilizaji akachukua aliyoitaka. Yaani pale mkalimani anauliza huyu wa nani, Sheikh kabla Farjalla hajafungua mdomo anasema: "Huyu mwanangu."

Basi. Na ni kweli. Muridi ni mtoto wa sheikh wake, hakuna mtu wa tarika atakaepinga. Mkalimani atasikia lake, mzungu ataandika lake daftarini, chombo kitapita.

fundi_saa_darajani

MAALIM 😂😂😂 si umesema Sheikh asizungumzishwe??? siku mbili hazijapita ushamtungia neno na umeliandika kwa herufi nene

maalim_mchangani

Nimesema asizungumzishwe *sana*. Maneno mawili si hotuba. Rudi dukani kwako kaangalie saa za watu.

Bi_Tumu_Wete

Maalim Allah akuweke, neno zuri sana hilo. Lakini mie mwanamke nna swali.

Sheikh keshasema huyu mwanangu. Boti limekwenda, tanga limepandishwa, watu wamemshukuru Mungu. Haya, Farjalla kule nyuma ya chombo anawaza nini? Kasikia kitu ambacho hajawahi kusikia maisha yake. Kwa mabaharia ni ujanja wa kupitia manowari, wanacheka, wanampigapiga mgongo. Kwa yeye? Maana bwana wake wa Malindi bado yupo, na Farjalla bado jina lake limo katika mali ya mtu yule. Kama Sheikh kasema mwanangu basi wakifika amnunue kwa bwana wake amwache huru kwa mujibu wa sheria ya dini, mbele ya mashahidi. Asipofanya hivyo lile neno lilikuwa la kupitia tu, kama karatasi ya forodha.

Na mie ningekuwa mwandishi nisingemfanya Sheikh afanye haraka. Ningemuweka Farjalla angoje. Anampenda na anangoja. Mwezi, miezi. Kila akimletea kahawa anamtazama mkono.

mkaazi_vikokotoni

Jamani nimerudi, nilikuwa Nyaraka pale Kilimani nafukua, nakuta mumeshaniandikia riwaya nzima. Bi Tumu shikamoo, Maalim ahsante sana sheikh wangu, Josefu karibu tena.

Nimeamua hivi. Ile alfajiri ya Pemba inakuwa katikati ya kitabu, nyuma yake kila kitu kinaelekea pale na mbele yake kila kitu kinatoka pale. "Huyu mwanangu" nalichukua Maalim, halali yako, na hilo la kungoja la Bi Tumu nalichukua vile vile, ntamngojesha mpaka msomaji amkasirikie Sheikh. Nataka amkasirikie kidogo. Kitabu cha walii ambacho msomaji hajamkasirikia walii hata ukurasa mmoja naona ni manaqib tu kwa jina jengine. Na uhuru atakuja kuupata, lakini namna anavyoupata sisemi hapa, nunueni kitabu.

Safari inakuwa mwanzo wa kusi, mwezi wa tano. Na Barawa wakati ule bado ipo chini ya bendera nyekundu ya Sultani, liwali wake yupo na askari wake wapo, Mtaliana hajakodishwa mpaka 1892, kwa hiyo Farjalla anateremka nchi ngeni lakini bendera ile ile aliyoiacha Forodhani, hilo nimelipenda mwenyewe.

Fundi, mama yake Farjalla nimemtia. Kauzwa Pemba. Kwa hiyo wakati boti linakuja yeye alikuwa anatazama pwani ya Pemba hata hakuliona.

Linalobaki ni Biyoley. 1909 Farjalla ana miaka arobaini. Awepo au asiwepo? Akiwepo afe, na akifa hasimulii. Akiwepo apone itakuwa kaponaje na wenziwe wameuliwa pamoja na Sheikh wao.

fundi_saa_darajani

awepo apone. aone haya maisha yake yote. ndo sababu hajasimulia mpaka uzee

maalim_mchangani

Asiwepo. Fundi unataka sinema. Kifo cha Sheikh kina watu wake na kimeshasimuliwa na wanaohusika nacho, mtumishi wa kubuni asijipenyeze katikati ya mashahidi wa kweli, hapo ndo pale pa adabu nilipokuwa napasema mwanzo. Farjalla awe Unguja au awe Bagamoyo, ashakuwa na familia, ashakuwa na duka la kahawa pengine, na habari inakuja na vyombo vya Benadir, inakuja vipande vipande. Wa kwanza anasema kaumwa. Wa pili anasema kauliwa. Wa tatu anasema hakufa, kapotea. Na Farjalla ambaye kitabu kizima amekuwa anapima isnadi za watu wengine sasa anatakiwa apime hii, na hataki kumkubali yule mkweli.

Halafu usisahau waliomuua ni Waislamu, watu wa tarika nyengine, Salihiyya. Usiwafanye mashetani. Walikuwa na vita vyao na Mwingereza na Mtaliana na walimuona Sheikh yuko upande mwengine, na maneno makali yalikuwa yameshapita baina yao, kasida kwa kasida. Farjalla anaweza kuwachukia, ana haki. Wewe mwandishi usiwachukie.

josefu_wa_minara

Mimi naungana na Maalim kwa hili. Illuminato alirudi Italia na akaishi miaka mingi baada ya mwenzake kufa. Kuishi baadae ni kazi nayo, ina sura zake.

Bi_Tumu_Wete

Na mie kwa Maalim. Ila hiyo habari ya kifo isije na nahodha, ije na mchuuzi wa samli. Manahodha wanajua kupanga maneno.

mkaazi_vikokotoni

Basi asiwepo, fundi utanisamehe. Mchuuzi wa samli nimeshamtia.

Bi Tumu swali jengine dogo, kule chomboni kutoka Unguja mpaka Barawa wanakula nini na nani anapika? Nimeandika wali na samaki wa kuoka, nikaona hapa bi mkubwa atanisuta.

Bi_Tumu_Wete

Samaki wa kuoka atamuokea wapi, chomboni? 😄 Moto chomboni unawashwa ndani ya sanduku lina mchanga, mawe matatu, sufuria moja, na bahari ikichafuka hauwashwi kabisa watu wanakula tende na mkate mkavu. Siku nzuri wali, mchuzi wa papa mkavu au ng'onda, wakivua jodari basi ni sikukuu. Maji ya pipa, yanapimwa kwa kata, na siku ya nne yananuka. Anaepika ni mtoto wa chombo, mdogo kuliko wote, na hapo nahodha wala hatouliza, Farjalla atapewa yeye kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Sheikh anakula sinia moja na wengine lakini mfanye anakula kidogo, si kwa uwalii, kwa sababu anaumwa na bahari.

maalim_mchangani

Hilo la kuumwa na bahari umelipata kwa nani bi mkubwa?

Bi_Tumu_Wete

Kwa baharia wa Barawa ambae hakuwepo.